Kaye ya wadudu inapokwama: dalili na vyanzo vyake

Kila Jumamosi saa 2 asubuhi, watoto wa mtaani kwetu hapa Katuba, Lubumbashi, huingia uani na kaye zao mkononi, yaani madaftari. Wadogo wana miaka sita, wakubwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi. Kazi ni ileile: tafuta mdudu, mchore, andika tarehe, mahali ulipomkuta na alichokuwa anafanya. Kuieleza ni rahisi, kuiendesha ndiyo shughuli. Kaye nyingi hufia ukurasa wa sita. Nimeandika hapa dalili ninazokutana nazo, zinatoka wapi, na tunafanyaje. Mwenye kaye iliyokwama atafute dalili yake, mengine ayaruke.

Kanuni ya uani kwangu ni moja: mchoro ukikosewa siushiki. Namrudisha mtoto kwa mdudu. Kifutio hakijui lolote kuhusu panzi.

Kila mdudu anatabasamu, na miguu imeota tumboni

Hii inaongoza. Mtoto anachora mdudu aliyemo kichwani mwake, yule wa katuni, na mdudu halisi yupo mbele yake hatazamwi. Kuthibitisha si kazi: kaa pembeni uhesabu macho yake yanatoka mara ngapi kwenye karatasi kwenda kwa mdudu. Akitazama mara moja mwanzoni, kisha akainama hadi mwisho, chanzo umekishika.

Tunaanza bila kalamu. Dakika tatu za kutazama na kuulizana tu. Miguu mingapi? Inaanzia wapi? Mabawa je? Mdudu wa miguu sita ana kichwa, kifua na tumbo, na miguu yote sita inatoka kifuani. Mabawa nayo yanatoka hukohuko. Usiwaambie mapema. Waulize tu mguu wa nyuma kabisa umeshikamana na nini, halafu unyamaze hata kama kimya kinakuuma.

Kwetu somo hili lililetwa na inswa, kumbikumbi wa mvua za kwanza. Ilikuwa Novemba, umeme upo, taa ya barazani imezungukwa. Watoto walikuwa na beseni la maji chini ya taa, maana inswa kwanza ni chakula, elimu baadaye. Nikaomba kumi tu wasiingie kwenye sufuria. Asubuhi yake kijana mmoja akamaliza kumchora wa kwake upesi sana, na kiuno chembamba kama uzi. Usiku ule walikuwa wameanguka pia chungu wenye mabawa, basi nikaweka mmoja wa kila aina kwenye sahani nyeupe. Inswa: mabawa manne yanayolingana urefu, mwili hauna kiuno, vipapasio vimenyooka kama shanga zilizotungwa. Chungu: mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno kimebanwa, vipapasio vimepinda kama kiwiko. Kijana akatazama sahani, akatazama kaye, akaandika chini ya mchoro wake "chungu", akafungua ukurasa mpya kwa ajili ya inswa. Hakufuta kitu.

Nilipoongeza kwamba ndugu wa karibu wa inswa ni mende, wala si chungu, waliokuwa wameamkia inswa za kukaanga walinuna.

Kaye imejaa buibui, nge, tandu na konokono

Hapa mtoto hajakosea. Kiswahili ndicho kipana. Buibui ni mdudu, nge ni mdudu, jongoo ni mdudu, na hata kinacholeta ugonjwa mwilini tunakiita mdudu. Mtu mzima anayemkatiza mtoto kwa "buibui si mdudu!" anamwambia kwamba nyumbani kwao hawajui kusema. Sisi neno tumeliacha na upana wake, tukapiga mistari kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye: miguu sita, miguu minane, miguu mingi zaidi, bila miguu. Kila mchoro mpya unaandikwa kwenye safu yake. Buibui na nge wanajikuta pamoja kwenye minane, na watoto wenyewe ndio wanaoshangaa.

Safu hizo zina mtego mmoja, na ni bora uujue kabla haujakufika. Binti mmoja alikuja na kiwavi kwenye kiganja: "Mama, hii iko na miguu kumi na sita, naiweka wapi?" Alihesabu vizuri. Viwavi wengi wana miguu sita ya kweli mbele, midogo, yenye kucha, halafu jozi hadi tano za vishikizo vinene nyuma, vinavyoshika tawi kama viatu vya mpira. Akishakuwa kipepeo au nondo, vishikizo vinapotea na ile sita inabaki. Nilimwambia achore miguu ya mbele kwa biki (kalamu ya wino) na ya nyuma kwa kreyo (penseli), kisha aamue mwenyewe. Akamweka kwenye sita, na alama ya kuuliza pembeni. Ile alama bado ipo.

Mdudu hatulii

Toka mapema. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya alfajiri hapa inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na panzi aliyelala baridini hawezi kuruka hadi jua limpashe. Kama jua limeshapanda, wapange wachore mistari mitano ya haraka, kila mmoja sekunde kumi: umbo tu, hakuna rangi. Au pita chini ya taa za barabarani asubuhi uokote waliokufa usiku. Wale hawaendi popote.

Amekufa kwenye chupa kabla mchoro haujaisha

Tafuta chanzo kwa mpangilio huu, kwa sababu mara nyingi ni kile cha kwanza.

Jua. Kopo la mayonezi lililoachwa dirishani linakuwa jiko ndani ya nusu saa. Kivuli siku zote.

Unyevunyevu. Ukiona matone kwenye kuta za chupa, kifuniko hakina matundu ya kutosha au majani ni mengi kupita kiasi. Weka kipande cha karatasi chini, kibadilishwe kila siku pamoja na kinyesi.

Jani lisilo lake. Viwavi wengi wanachagua sana. Kiwavi wa mlimao ukimpa jani la mwembe atakufa njaa juu ya chakula. Kwa hiyo anayeleta kiwavi analeta na tawi alilomkuta nalo, na tawi linachorwa pia. Maria Sibylla Merian, mchoraji aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alianza kufuga viwavi akiwa na miaka 13. Wengi wa wakati wake walichora wadudu wakavu wamepangwa peke yao. Yeye aliwachora juu ya mmea wanaoula, kiwavi, pupa na kipepeo kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 1699 akapanda meli hadi Suriname na binti yake kuendelea na kazi hiyohiyo. Watoto wangu wa Jumamosi hawakujali sana michoro yake, walitaka kujua binti alikuwa anapewa kazi gani.

Chanzo cha nne kilinigharimu. Niliona chupa ni ndogo, nikashona kibanda kizuri cha waya na kipande cha mustikera, yaani chandarua, iliyochanika. Viwavi saba waliingia wazima. Siku ya pili wote walikuwa wamelegea chini, midomo inatoa maji ya kijani. Nililaumu majani, nikalaumu mvua, nikalaumu mtoto wa jirani. Chandarua kilikuwa cha kugawiwa, kile chenye dawa iliyotiwa kiwandani ili kuua mbu, na dawa hiyo haiulizi kama aliyeigusa ni mbu au kiwavi. Kuchanika hakuiondoi. Siku hizi tunatumia kitambaa cha shela, hiki chepesi cha harusi, au pazia la zamani.

Kiwavi hali tena, anazunguka chupa mchana na usiku

Watoto husema ana njaa, wanamrundikia majani. Tazama ukubwa wake: kama ameshanenepa, amemaliza kula na anatafuta pa kugeukia pupa. Wengi wa viwavi wakubwa wa porini, wa jamaa ya wale vinkubala, viwavi wa kuliwa wanaouzwa sokoni, hushuka mtini na kujifukia ardhini. Wape udongo laini wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 10 hivi, na ndani ya siku moja au mbili atakuwa amezama. Yule wa mlimao hahitaji udongo. Anataka kijiti, ajifunge mkanda wa uzi mgongoni na kuegemea kama mtu wa kampuni ya umeme juu ya nguzo.

Kinachofuata ni malalamiko kwamba pupa haifunguki. Kwa kipepeo wa mlimao, majuma mawili hadi matatu kwa kawaida yanatosha, ila kipindi cha ukavu anaweza kuchelewa zaidi. Nondo wakubwa ni habari nyingine: pupa inakaa ardhini miezi na miezi, kiangazi chote, hadi mvua irudi. Mtoto aliyemwona kiwavi wake akizama mwezi wa 3 ataingia darasa jipya kabla hajamwona tena. Andikeni tarehe ya kuzama kwenye jalada la kaye, kubwa, mwendelee na mengine.

Kama mna wasiwasi, iguseni pupa kwa ncha ya unyasi. Iliyo hai mara nyingi hutikisa mkia. Ikiwa nyepesi kama ganda la karanga na ina tundu dogo la duara, ametoka mwingine, nyigu mdogo au nzi aliyekuwa amemla kiwavi kutoka ndani. Watoto wengine hulia. Mmoja wangu alichora tundu lile kwa ukubwa wa ukurasa mzima, na ni katika michoro mizuri niliyowahi kuona.

Neno la pembeni, la sokoni: usinunue vinkubala wakavu ili wachorwe. Wamejikunja, wengine wamekamuliwa, na mwisho wa somo huwa hawatoshi idadi.

Wawili wamechora mdudu yuleyule, michoro haifanani

Usikimbilie kumsahihisha mmoja. Mlimao peke yake unatosha kuwagombanisha: kiwavi mchanga wa kipepeo wake, Papilio demodocus, anafanana na kinyesi cha ndege, kahawia na doa jeupe. Akikua anakuwa wa kijani. Ukimbughudhi anachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wawili walishajaza kurasa za "wadudu wawili" kabla ya mmoja kuwahi kumwona akijivua ngozi.

Kuna kali zaidi. Kipepeo Precis octavia anayezaliwa wakati wa mvua ana mabawa ya rangi ya chungwa, na anayezaliwa kiangazi ni wa buluu yenye madoa mekundu. Ni aina moja ya kipepeo. Joto au baridi aliyoipata akiwa bado anakua ndiyo inayoamua. Mwenye kaye ya Januari na mwenye kaye ya Julai wanaweza kubishana hadi jioni na wote wakawa wamechora walichokiona. Ndiyo maana nang'ang'ania tarehe kuliko rangi. Mchoro usio na tarehe siwezi kuutetea.

Wino umetapakaa, karatasi imejikunja

Fetri, zile kalamu nene za rangi, kwenye kaye ya kawaida ya shule hupenya hadi upande wa pili. Penseli na kreyo za rangi zinatosha, biki kwa maandishi. Miraba ya kaye msiichukie, inasaidia kupima: miraba miwili ya mchoro kwa mraba mmoja wa mdudu. Kaye ikae ndani ya mfuko wa plastiki msimu wa mvua. Basi.

Mtoto anaogopa kumkaribia

Uliza kwanza anaogopa nini. Wapo wanaoogopa vunjajungu kwa sababu jina lenyewe linatisha: ukimgusa, vyungu vya nyumbani vitavunjika. Kambo (bibi) wa mmoja wao alisisitiza hivyohivyo, na mimi sibishani na kambo. Vunjajungu tunamchora bila kumgusa, akiwa kwenye ua, na kichwa kile kinachogeuka kukufuata kinawaondolea hofu chenyewe.

Hofu nyingine ni za haki, ziachwe zilivyo. Kiwavi mwenye manyoya hashikwi kwa mkono, manyoya yake huwasha na kuvimbisha. Kuna pia kimdudu chembamba kama punje ya mchele mrefu, mistari myeusi na ya chungwa, kinachopenda taa wakati wa mvua. Hakiumi, lakini kikipondwa juu ya ngozi maji yake yanachoma na kutoa malengelenge siku moja au mbili baadaye. Kikitua juu yako, kipulize. Kama kimeshapondeka, osha kwa sabuni na maji mengi, usipeleke vidole machoni.

Kaye ni nzuri mno

Mistari imenyooka, majina ya Kilatini, herufi za mtu mzima. Mtoto kakaa pembeni anachezea kifuniko cha biki. Sihitaji kueleza chanzo, nilikuwa mimi. Binti yangu alichora kereng'ende mwenye mabawa manne ya urefu tofauti, kila moja likielekea upande wake. Nilikuwa nimechoka, nikachukua penseli "nikamsaidia" bawa moja. Lilitoka zuri. Majuma matatu hakuifungua kaye. Baadaye tulipomwona kereng'ende akiruka juu ya mfereji nikaelewa: yule mdudu huyapiga mabawa ya mbele na ya nyuma kila jozi kwa wakati wake. Mtoto alikuwa ameona mwendo, mimi nikamrekebishia picha ya mdudu aliyekufa.

Ikiwa mkono wako hauwezi kutulia, fungua kaye yako mwenyewe, uchore vibaya mbele yao. Kuhusu majina, waandike wanayoyajua. Inswa ni inswa. Jina la Kilatini lije siku mtoto atakapoliuliza.

Kurasa sita, kisha kimya

Chanzo ni kuwinda mdudu mpya kila mara. Wa uani wanaisha, mwezi wa 8 ni vumbi tupu, na mtoto anaamini hakuna cha kuchora. Mpe mahali pamoja pa kurudia: mwembe mmoja, ukuta mmoja, taa moja. Achore palepale kila mwezi, hata kama ni kuandika "leo hakuna".

Sisi tulichukua kichuguu kwenye kiwanja tupu mwisho wa barabara yetu. Huku kwetu havihitaji kutafutwa. Vichuguu vikubwa vya mchwa Macrotermes falciger kandokando ya Lubumbashi hupita mita 5 kwenda juu, na miti imeota mgongoni. Chetu kilikuwa kifupi, tulikipima kwa kamba na fimbo. Oktoba: udongo mgumu, hakuna tundu linaloonekana. Novemba, jioni baada ya mvua: matundu yamefunguka, askari wenye vichwa vikubwa vyekundu wamesimama milangoni, inswa wanasukumana kutoka. Uyoga ukaota mguuni mwa kichuguu, na binti mmoja, yule wa alama ya kuuliza, akauliza nani ameupanda. Wameupanda mchwa. Wanalima kuvu ndani ya vyumba vyao, juu ya miti waliyotafuna na kunya, na uyoga huo ni kuvu hiyohiyo ikitoka nje. Uyoga wa jamaa hiyo unaouzwa barabarani unaweza kuwa na kofia karibu mita moja.

Mwezi wa 6 wakaja watu wa matofali, maana udongo wa kichuguu ndio unaochomwa vizuri. Jumamosi ile tulipofika, ubavu mzima ulikuwa umekatwa kwa jembe. Watoto wakapiga kelele. Binti akasogea hadi ukutani: vyumba vilikuwa wazi, kimoja juu ya kingine, na ndani ya kila kimoja kitu cha kijivu kama sifongo, kimejaa vidoti vyeupe. Akaketi chini akafungua kaye.

Mwenye jembe alisimama nyuma yake, akainama kuangalia karatasi, akaangalia ukuta, akaangalia tena karatasi.

"Hapa umesahau kashimo," akamwonyesha kwa kidole. "Chora mbio, mama, tuko na kazi."